Baiskeli kwenye barabara za vijijini Nyanda za Juu Kusini: mwongozo kamili

Huku kwetu safari ya baiskeli haipimwi kwa kilomita. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na barabara ya Chunya inaanza kupanda mara tu unapoliacha jiji, ikapita mita 2,400 kabla ya kuteremka upande wa pili. Mtu aliyezoea kutembeza kilomita 20 kwa saa kwenye tambarare za Usangu atatumia zaidi ya saa mbili kufika juu pale, na akifika bila koti atatetemeka akishuka. Gia, matairi, breki, nguo na saa ya kuondoka vyote vinaamuliwa na mwinuko. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia hapo.

Piga hesabu ya kupanda kabla ya kutoka

Pakua ramani yenye mistari ya mwinuko kwenye simu ukiwa bado mjini, kwa sababu mabondeni mtandao hukatika. Gawa njia yako katika vipande vya kilomita 5, na kwa kila kipande andika utapanda mita ngapi. Kisha piga hesabu hivi: kilomita 15 kwa saa kwenye lami, kilomita 10 kwa saa kwenye vumbi au changarawe, halafu ongeza dakika 10 kwa kila mita 100 za kupanda. Njia ya lami ya kilomita 40 yenye mita 600 za kupanda inakupa saa 3 na dakika 40 juu ya tandiko, bila mapumziko. Usipunguze chochote kwa ajili ya miteremko, maana muda unaouokoa huko unaishia kwenye breki, matuta na kusimama kuvaa koti.

Mwezi wa saba jua la Mbeya huchomoza karibu saa 1 asubuhi na kuzama kama saa 12:40 jioni. Iringa hutangulia kwa dakika chache. Hizo ndizo saa zako za mwanga. Kiangazi, kati ya Juni na Oktoba, ondoka jua linapochomoza, kwa kuwa kuanzia saa 5 au 6 upepo wa kusini mashariki huongezeka, hasa uwanda wa Makambako na Njombe. Ukiweza, anza safari ukielekea upepo unakotoka ili urudi unasukumwa. Masika yetu ni moja, kuanzia Novemba hadi Aprili, na Rungwe huendelea kunyesha hadi Mei na kupita. Siku nyingi za masika asubuhi huwa kavu na radi huja mchana, kwa hiyo panga uwe umeshuka kwenye migongo ya milima kabla ya saa 8.

Kuhusu hali ya barabara, ramani hudanganya, na hata taarifa ya mwezi uliopita hudanganya, kwa sababu mvua moja inaweza kuchukua kalavati. Waulize bodaboda wa kijiweni maswali matatu. La kwanza: Noah inafika huko? Kama Noah inapita wakati wa mvua, baiskeli itapita. La pili: gulio ni siku gani? Siku ya gulio barabara iliyokuwa tupu hujaa Fuso, Noah na pikipiki zilizopakia hadi juu ya kichwa cha dereva. Chagua siku nyingine. La tatu: nauli hadi kule ni shilingi ngapi? Hili ndilo swali bora la umbali. “Ni hapo tu” inaweza kuwa kilomita 3 au 13, lakini nauli inataja umbali na ubaya wa njia kwa pamoja. Linganisha na nauli ya sehemu unayoijua.

Barabara za kuanzia

Barabara kuu ya kwenda Zambia iepuke kila inapowezekana. Malori ni mengi, pembeni hakuna nafasi ya kutosha, na mlima Kitonga haufai kabisa kwa baiskeli: kona ni kali, malori yanapanda kwa mwendo wa kutambaa huku mengine yakijaribu kuyapita. Kama unatoka Morogoro kwenda Iringa, kipande hicho pandisha baiskeli kwenye basi.

Kwa anayeanza, Iringa mjini hadi Kalenga panatosha asubuhi nzima: kama kilomita 15 kwenda, njia ya Ruaha, na mwishoni unafika kwenye ngome ya Mtwa Mkwawa na makumbusho yake. Kumbuka unashuka wakati wa kwenda, hivyo nguvu ya kurudi Iringa uibakize.

Mafinga kwenda kwenye chai ya Mufindi ni kupanda na kushuka kusikoisha katikati ya misonobari ya Sao Hill. Hewa ni safi na vijiji ni vichache. Hatari yake ni malori ya magogo. Lori likiwa na shehena ya magogo marefu, mkia wake hukata kona kwa upana kuliko kichwa, kwa hiyo kwenye kona usibaki sambamba nalo. Simama nje ya barabara lipite.

Rungwe ndiko wengi wetu tungependa kuendesha kila wiki. Kutoka Tukuyu hadi ziwa Masoko, lile la kreta, ni kama kilomita 15 kupitia migomba na chai. Mzunguko wa Katumba, Lwangwa, Mbambo na kurudi Tukuyu ni wa siku nzima kwa mtu mwenye mazoezi. Ulizia kwanza hali ya kila kipande, maana hazifanani. Mbeya kwenda Chunya ni mlima mmoja mrefu wa lami, mzuri kwa kupima miguu, na juu yake unaona bonde la Usangu likiwa limelala chini yako. Ukielekea Njombe, barabara ya Ludewa ina kipande kirefu cha zege kati ya Lusitu na Mawengi. Zege halitelezi kama udongo, lakini maungio yake huligonga tairi jembamba, na miteremko ya huko inataka breki nzima.

Baiskeli yenyewe

Si lazima iwe baiskeli ya mashindano. Ya mtumba yenye fremu nyepesi na gia zinazofanya kazi itakufikisha. Kinachokuangusha ni gia nzito. Hesabu meno: gia ndogo ya mbele igawanywe kwa gia kubwa ya nyuma. Kwa milima hii jibu lisizidi 1, yaani meno 34 mbele na 34 nyuma, au 30 kwa 32. Kwa 34 kwa 34 na magurudumu ya kawaida, ukizungusha pedali mara 60 kwa dakika unakwenda kilomita 7.5 kwa saa, mwendo ambao mtu wa kawaida anaweza kuushika kwenye mlima wa asilimia 8. Ukiwa na 39 kwa 25, mwendo uleule wa miguu unakulazimisha kwenda kilomita 12 kwa saa. Hutaweza, utaanza kusimama juu ya pedali, na magoti yatalalamika kabla ya saa moja kuisha. Gia za nyuma zenye meno mengi hupatikana kwenye maduka ya vipuri vya mtumba mijini. Kabla ya kununua hakikisha kibadilisha gia chako cha nyuma kinaweza kubeba ukubwa huo, vinginevyo cheni itakwama kwenye gia kubwa.

Matairi yapewe muda zaidi kuliko kitu kingine chochote. Upana wa milimita 32 hadi 40 unafaa lami yetu na changarawe yake. 25 ni jembamba mno kwa kingo zilizomegeka. Kwa mtu wa kilo 70 hadi 75, jaza tairi la 32 kwa psi (kipimo cha mgandamizo wa upepo) 55 hadi 65, na la 40 kwa psi 40 hadi 45; la nyuma lizidi la mbele kwa psi 5. Kujaza mpaka liwe gumu kama jiwe ni kosa, kwa sababu tairi gumu linarukaruka kwenye changarawe na kukosa mshiko. Likiwa laini kupita kiasi, rimu inaibana tyubu kwenye shimo na kuitoboa matundu mawili yanayokaa sambamba.

Sasa mtego wa saizi. Maduka ya vijijini yana tairi la inchi 26 na la 28 × 1½ la baiskeli kubwa za mizigo. Baiskeli nyingi za mtumba za barabarani zina 700C, na baadhi ya matairi yake pia yameandikwa 28. Hayaingiliani. Tazama namba ndogo iliyochongwa ubavuni: 37-622 ni 700C, 40-635 ni ile ya mizigo, 54-559 ni ya 26. Namba ya pili ndiyo kipenyo cha rimu kwa milimita, na lazima ifanane. Tyubu ya 635 unaweza kuibana ndani ya tairi la 622 kwa dharura, lakini tairi lenyewe halikai. Kwa hiyo mwenye 622 abebe tyubu mbili za akiba, na kwa safari ya zaidi ya siku moja abebe na tairi la kukunja.

Valvu nazo. Kama zako ni zile nyembamba zenye kinati juu, nunua kichwa cha kubadilishia cha shaba na ukifunge kwenye valvu moja kabisa kisipotee. Kwa hicho unaweza kujaziwa upepo kwa fundi yeyote wa pikipiki. Mwambie aguse kidogo na kuachia, aguse tena: kompresa inajaza tairi la baiskeli kwa sekunde chache, na ikipitiliza tairi linapasuka mkononi mwake.

Ukaguzi wa jioni ya kabla ya safari

Ufanye jioni, ili kasoro ikionekana fundi awe bado yuko wazi.

Anza na breki. Za raba: kama mifereji ya raba imefutika, badilisha. Ichunguze na sura yake. Vipande vya rimu vinavyong'aa vilivyozama ndani ving'oe kwa ncha ya kisu, la sivyo vitaikwangua rimu kila unaposhika. Za diski: pedi ikibaki chini ya milimita 1 ya kitambaa juu ya chuma, haifai kwa milima hii. Kisha bana kila mkono wa breki kwa nguvu zako zote ukiwa umesimama. Kama unagusa usukani, kaza waya. Kagua waya pale unapoingia kwenye mkono, kwani ndipo nyuzi huanza kukatika mmoja mmoja.

Cheni: weka rula kwenye pini moja na uhesabu inchi 12. Cheni mpya pini inakaa sawasawa na alama, yaani milimita 305. Ikifika 306.5 badilisha, ukichelewa itakula na gia za nyuma, na gharama itakuwa mara kadhaa. Isafishe kwa mafuta ya taa na kitambaa, iache ikauke, kisha tia tone moja la mafuta ya cherehani kwa kila roli, zungusha pedali nyuma kwa dakika moja, na ufute yote yaliyobaki nje. Oili chafu ya gari usiitumie. Inashika vumbi jekundu la Iringa, na mchanganyiko huo unasaga chuma usiku na mchana.

Mwisho inua kila gurudumu na ulizungushe, ulitikise kushoto na kulia kusikia kama beringi zimelegea, na ubane spoku mbilimbili kwa vidole. Iliyolegea kuliko wenzake ikazwe robo mzunguko kwa wakati mmoja.

Vya kubeba

Tyubu mbili, viraka 6, solusheni ndogo mpya (iliyofunguliwa mwezi uliopita mara nyingi imeshakauka), msasa, vijiko viwili vya kubandulia tairi, pampu, spana za L za milimita 4, 5 na 6, kifungua cheni, kiungio kimoja cha cheni, waya wa breki mmoja, na kipande cha tairi kuukuu cha sentimita 5 kwa 8 cha kuzibia ubavu uliochanika. Taa ya mbele na ya nyuma hata kama hupangi kuingia usiku: ukungu wa Isyonje na wa Mufindi unaweza kushuka mchana.

Maji lita moja na nusu, ukiyanywa nusu lita kwa saa, zaidi ukiteremkia Kyela au Pawaga ambako joto ni jingine kabisa. Chakula hakikupi shida huku. Ndizi mbivu moja ina kama gramu 25 za wanga, na mwili unataka gramu 40 hadi 60 kwa saa unapopanda, kwa hiyo ndizi mbili kwa saa, au chapati moja na nusu, zinatosha. Kula kabla hujasikia njaa. Ukisubiri mpaka mikono itetemeke, utahitaji nusu saa ya kukaa na soda kabla miguu haijarudi.

Nguo: koti jepesi la upepo, glavu, na kofia ngumu. Juni hadi Agosti asubuhi za Mbeya na Njombe huwa chini ya nyuzi 10, na Kitulo umande hugeuka barafu. Gazeti lililokunjwa na kuwekwa kifuani chini ya koti linafanya kazi vizuri wakati wa kushuka. Lichukue kwenye kibanda chochote cha chai.

Kupanda na kushuka

Kupanda ni rahisi kukuelezea: badilisha gia kabla mlima haujakubana, kaa kwenye tandiko, zungusha miguu haraka kidogo kuliko unavyodhani inafaa, na uwe na pumzi ya kutosha kusema sentensi nzima. Ukishindwa kusema sentensi, punguza. Juu ya mita 2,000 hewa ni haba, na aliyetoka Dar es Salaam juzi asishangae akichoka mapema. Siku mbili tatu za kwanza apunguze urefu wa safari.

Kushuka ndiko kunakoumiza watu. Kabla ya kuanza mteremko simama, vaa koti, funga zipu, jaribu breki zote mbili. Kisha fuata mpango huu. Breki usizishike mfululizo. Shika kwa nguvu sekunde 2 au 3, achia kwa muda uleule, shika tena. Breki za raba zinazoburuzwa kwenye mteremko mrefu, mathalani ule wa kama mita 1,000 kutoka Tukuyu kuelekea Kyela, huchemsha rimu mpaka tyubu inapasuka, na inapasuka ukiwa kwenye mwendo. Simama kila baada ya dakika 10, sogeza kidole karibu na rimu bila kugusa. Ukisikia joto likikupiga, pumzika hadi lipoe. Maji usimwagie.

Punguza mwendo kabla ya kona, siyo ndani ya kona. Kwenye lami kavu breki ya mbele ndiyo inayofanya kazi kubwa. Kwenye changarawe tegemea zaidi ya nyuma, maana gurudumu la mbele likiteleza huna namna ya kulirudisha. Mikono iwe imelegea viwikoni, pedali ya nje iwe chini, macho yatazame kona inakoishia.

Tegemea matuta kila panapoanza kijiji, mengine hayana alama. Wakati wa mavuno tegemea mahindi na maharage yaliyoanikwa kwenye maturubai hadi ukingoni mwa lami. Ukiona matawi mabichi yamewekwa barabarani kwa kupangwa, kuna gari lililoharibika mbele, pengine nyuma ya kona; punguza papo hapo. Na ukikutana na mwenzako amebeba magunia ya mkaa au mkungu wa ndizi anashuka, mpishe. Yeye hawezi kusimama upesi, wewe unaweza.

Endesha kushoto, kama nusu mita hadi mita moja kutoka ukingoni. Ukijibana kabisa pembeni, dereva anadhani nafasi ipo na anakupita huku gari jingine linakuja, nawe unabaki na ukingo wa lami ulioshuka sentimita 10. Ukilazimika kutoka nje ya lami, punguza, toka moja kwa moja, na kurudi juu usipande kwa pembe nyembamba. Simama, inua baiskeli.

Tope

Udongo mwekundu wa Njombe na Iringa ukilowa kidogo unanata kuliko ukilowa sana. Unajaa kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu haligeuki, na ukilazimisha unaweza kung'oa kibadilisha gia. Mara gurudumu linapoanza kuwa zito, shuka, sukuma kwenye majani pembeni, toa tope kwa kijiti. Madigadi yanayobana sana yavue nyumbani wakati wa masika. Ukifika penye maji, mwagia cheni na breki kwanza.

Kuziba pancha isirudie

Pancha ya pili ndani ya dakika 10 karibu kila mara ni mwiba ule ule uliobaki kwenye tairi. Kabla ya kuitoa tyubu, weka alama kwenye tairi mahali valvu ilipo. Jaza tyubu, isikilize karibu na shavu, pata tundu, kisha lilinganishe na tairi kwa kutumia alama ile. Mwiba utakuwa hapo. Pitisha vidole ndani ya tairi polepole. Miiba ya migunga ya Usangu na Pawaga mara nyingi hukatikia ndani na haionekani kwa nje.

Kwangua tyubu kwa msasa eneo kubwa kuliko kiraka. Paka solusheni nyembamba, subiri dakika 3 hadi 5 mpaka isiwe inang'aa. Hapa ndipo watu hukosea kwa haraka: solusheni mbichi haishiki. Bandika, kandamiza dakika moja kutoka katikati kwenda nje. Rudisha tairi kwa viganja vya mikono, ukimalizia upande wa valvu, na jaza nusu kwanza ili uone kama tyubu haijabanwa popote.

Ukikwama au ukiishiwa

Vijijini salimia kwanza, shida baadaye. Shikamoo kwa wakubwa haijawahi kupoteza muda wa mtu. “Ugonile” Rungwe na “kamwene” Iringa na Njombe hufungua milango haraka zaidi. Ukilazimika kulala, nenda kwa mtendaji wa kijiji kabla giza halijaingia. Ukigongwa na gari, hata kama unajisikia mzima, pita polisi uchukue PF3, fomu ya polisi ya matibabu, uende nayo hospitali.

Kurudi kwa Coaster, kubaliana nauli ya baiskeli na konda kabla haijapakiwa. Vua gurudumu la mbele ulifunge ubavuni mwa fremu, geuza usukani ulale sambamba nayo, shusha tandiko, na cheni uizungushie gunia. Upande wenye gia uwe juu, wala mzigo mwingine usiwekwe juu yake. Panda mwenyewe kwenye keria ya paa uhakikishe kamba imepita kwenye fremu na siyo kwenye spoku. Ukishuka, kabla ya kukanyaga pedali, rudisha gurudumu, hakikisha limekaa hadi mwisho wa uma, kaza, na jaribu breki ya mbele.